Heshima ya mama mkwe iliniokoa na kidole tumbo, kisha ikataka kuniua: kisa cha Kamina enzi za Zaire

Wakuu, shikamooni mnaostahili shikamoo, na ninyi wengine mambo vipi.

Leo nimeleta uzi wenye uzi ndani yake. Mtaelewa mbele ya safari. Kwa sasa jueni tu kwamba tumbo langu lilishonwa kwa nyuzi za kuvulia samaki, na mpaka leo nikipita karibu na meza ya samaki sokoni kovu linawasha.

Haya ninayoandika ni ya kweli. Pale nitakapotia chumvi mtaiona wenyewe, maana chumvi yangu huwa ya mawe, haijifichi.

Kilichonikumbusha haya yote ni binti yangu aliyeko Ubelgiji. Juzi alipasuliwa kidole tumbo, kile ambacho sisi kule kwetu tulikiita apandisite. Nitamrudia mwishoni. Kwanza twendeni Kamina.

Sasa hivi naishi Kigoma, ila mimi ni mtoto wa Kamina, kule Katanga, enzi mkoa wetu unaitwa Shaba na nchi inaitwa Zaire. Mwaka sitaji. Mke wangu anasoma humu na hataki watu wapige hesabu ya umri wake.

Kamina ya wakati ule, wakuu! Mji wa reli. Treni za Kasai zinapita, treni za Bukama zinapita, honi ikilia kila mtu anajua ni saa ngapi bila kuwa na saa. Kulikuwa na wanajeshi wa kambini kutoka kila kona ya nchi, wafanyabiashara wa Maniema na kanzu zao nyeupe, na sisi Waluba tumejaa katikati tukidhani mji wote ni wetu.

Mchana nilikuwa karakana ya reli, napaka mafuta ekseli za mabehewa. Jioni nilikuwa mwanafunzi. Madarasa ya jioni, watu wazima watupu, tumebanana kwenye madawati ya watoto, magoti yanagusa kidevu. Nilimaliza na cheti nikapata. Wanaosema elimu ya jioni ni elimu ya gizani, shauri yao.

Somo nililolipenda kuliko yote ni mwili wa binadamu. Mwalimu wetu alichora mtu ubaoni, tumbo wazi, viungo vyote nje kama bucha. Nilikikariri kila kimoja na mahali pake.

Huo mchoro uwekeni akilini. Utanitia aibu baadaye.

Basi, nilikuwa na mchumba. Anaitwa Mujinga.

Naomba mcheke sasa hivi mmalize. Mmemaliza? Haya. Kwa Kiluba Mujinga ni mtoto aliyezaliwa kitovu kimemzunguka shingoni. Ni jina la heshima. Nilipomleta Tanzania, ofisa wa mpakani alimuuliza jina, akajibu, yule bwana akasema, "Mama, usijitukane, taja jina tu."

Mama yake Mujinga, ambaye ndiye mwenye uzi huu hasa, aliitwa Mama Ngoie. Mwanamke wa Mulongo, kule kwenye mabwawa ya Lualaba. Kaka zake walivua, yeye aliuza samaki wakavu Kamina. Mfupi, mpana, na sauti yake ingeweza kusimamisha treni ya mizigo bila breki.

Sasa wale ambao si Waluba, shikeni hili vizuri, maana bila hili hamtaelewa kitu.

Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawazoeani. Humwangalii usoni. Huli naye. Ukimwona anakuja njiani unaingia kichakani, hata kama kichaka kina siafu. Na kutoa upepo wa tumbo mbele ya mama mkwe? Hiyo ni kesi ya ukoo. Nilisikia mtu mmoja alipiga chafya kubwa mno mbele ya mkwewe akatozwa mbuzi. Mbuzi sikumwona, lakini naamini.

Siku yenyewe nilialikwa kwa kina Mujinga, ziara rasmi. Nimevaa abakosti, lile koti la Zaire lisilohitaji tai, nimepiga pasi mpaka mikunjo inaweza kukata mkate.

Tangu asubuhi nilikuwa na kimaumivu karibu na kitovu. Nikadhani ni woga wa wakwe.

Bukari ikaletwa, ndiyo ugali wetu, na samaki wa Mulongo kwenye mchuzi wa mawese. Baba mkwe alikuwa safarini na treni, kwa hiyo nilikula na kaka mdogo wa Mujinga. Mama Ngoie yuko jikoni, nyuma ya ukuta, kama desturi inavyotaka.

Sikufika mbali. Kichefuchefu kikapanda, na yale maumivu yakahama kitovuni yakashuka chini upande wa kulia, yakakaa hapo kama mpangaji asiyelipa. Nikateleza kwenye kiti mpaka sakafuni, na abakosti yangu.

Kule jikoni nikasikia sauti.

"Weye Mujinga! Mutoto wa bantu iko na nini?"

"Mama, anasema tumbo!"

"Tumbo? Na samaki yangu? Mungu wangu! Batasema ni samaki yangu njo imemuua!"

Na kweli, jirani alishachungulia uani. Kamina ile habari ilikuwa haihitaji simu. Kabla sijamaliza kuanguka, mtaa wa pili walishajua mkwe amekula samaki wa Mama Ngoie na yuko chini.

Watu wakaanza kubishana ni ugonjwa gani. Mmoja akataja apandisite.

Hapo mwanafunzi wa jioni akaamka ndani yangu. Nikiwa nimejikunja sakafuni, nikawapa somo: "Hapana! Apandisite iko kushoto. Nimeiona ubaoni kwa macho yangu. Hii ya kulia ni kitu kingine."

Wakakubali. Msomi kasema.

Mama Ngoie akaamua dawa, na dawa kwetu kwa kila tumbo ilikuwa moja: lavema. Kusafisha tumbo kupitia mlango wa nyuma. Kila nyumba ilikuwa na kile kimpira chenye mdomo mrefu, na ndani yake maji ya vuguvugu, mizizi, tangawizi, na kwa wagonjwa wakubwa kama mimi, pilipili.

Nilisikia pilipili ikitwangwa. Wakuu, sauti ya pilipili inayotwangwa kwa ajili yako si sauti ya kawaida.

Dawa ikawa tayari. Kimpira kikajazwa. Ndipo likaja swali ambalo hakuna aliyelifikiria.

Nani ataitia?

Mama Ngoie hawezi, ni mkwe. Hata kuingia chumbani nilipolala hawezi. Mujinga hawezi, hatujaoana. Kaka mdogo naye ni shemeji, akarudi nyuma mikono hewani kama mtu aliyeonyeshwa bunduki. Jirani mmoja alisema yeye angeweza, lakini alipohesabu kizazi kwa kizazi ikaonekana bibi yake na babu wa Mujinga walikuwa ndugu, kwa hiyo naye ni mkwe.

Basi wanatafuta mtu asiye mkwe wangu. Mtaa mzima wanatafuta. Mimi niko sakafuni, pilipili inapoa.

Mwishowe akapatikana Tata Monga, muuguzi wa hospitali aliyekuwa akirudi kazini kwa baiskeli. Hana undugu na mtu yeyote hapo. Wakamkabidhi kimpira.

Akapiga magoti, akagusa tumbo langu kwa vidole, akaachia. Nilipiga kelele iliyosikika kituo cha treni.

Tata Monga akasimama, akaenda mlangoni, akamwaga dawa yote uani. Kuku mmoja akaonja. Sitasema kilichompata.

"Nani anataka kuua mukwe wa bantu?" akauliza. "Hii ni apandisite! Mukitia hii maji, inapasuka ndani, munabeba maiti. Nipe baiskeli yangu!"

Nikalazwa juu ya baiskeli kama gunia la mihogo, huku nimeshikwa pande zote. Mashimo ya Kamina nayajua yote mpaka leo. Ningeweza kuwachorea ramani kwa kutumia maumivu tu.

Hospitalini daktari, kijana mwembamba wa miwani, akanibonyeza kushoto. Nikaumia kulia. Akatikisa kichwa kama mtu aliyepata jibu.

"Docteur," nikamwambia, "samahani, apandisite iko kushoto."

"Nani amekufundisha?"

"Cours du soir, madarasa ya jioni. Ubaoni."

Akanitazama. Akaja akasimama mbele yangu, uso kwa uso. "Mtu wa ubaoni alikuwa anakutazama hivi?"

"Ndiyo."

"Inua mkono wako wa kulia." Nikainua. Naye akainua wa kwake wa kulia. Mikono yetu ikawa pande tofauti.

Nikaushusha wangu polepole.

"Bahati nzuri unapaka mafuta mabehewa," akasema. "Ungekuwa daktari tungezika nusu ya Shaba."

Sasa vijana mliozaliwa hospitali zenye mashine, sikieni jinsi tulivyopasuliwa.

Taa kubwa ya chumba cha upasuaji ilikuwepo, ila umeme siku hiyo ulikuwa umesafiri. Meza ikasogezwa dirishani. Daktari akatazama jua, akasema twende haraka. Vyombo vilichemshwa kwenye jiko la makaa. Glavu zilifuliwa na kuanikwa kambani, na nikiwa nasukumwa mlangoni niliziona zinapepea, zinapunga mkono kama zinaniaga.

Kisha daktari akatoka nje. Mujinga ndiye aliyenisimulia hii.

"Nani wa huyu mugonjwa?"

Mama Ngoie akasimama, uso kaugeuzia upande wa barabara. "Minyi, docteur. Lakini siwezi kumwangalia."

"Sikuombi umwangalie, mama. Nyuzi za kushonea ngozi zimekwisha. Una nayiloni?"

Amemuuliza nani, wakuu! Mama Ngoie akafungua kifurushi chake, akatoa rola mpya ya nyuzi alizokuwa awapelekee kaka zake Mulongo.

"Hii inavuta mamba, docteur. Haitashindwa na mukwe."

Ikachemshwa pamoja na vyombo. Ndiyo niliyoshonewa. Kwa hiyo mkisikia mtu anasema mama mkwe wake alimshika kwa ndoano, mjue kwangu mimi ni kweli.

Dawa ya kulaza nilichomwa, nikaota naendesha treni ya abiria kuelekea Bukama, na abiria wote ni samaki, na kila mmoja ana tiketi isipokuwa mimi.

Nikaamka wodini. Hai.

Hapo ndipo safari ya pili ilipoanza.

Sheria ya wodi ile ilikuwa fupi: hunywi maji, huli kitu, mpaka tumbo liamke. Na dalili ya tumbo kuamka ilikuwa moja tu, ile mnayoifikiria. Muuguzi alipita kitanda kwa kitanda kila mara, bila kupunguza sauti: "Citoyen, gaz imetoka?" Enzi zile sote tulikuwa Citoyen, yaani mwananchi, hata ukiwa uchi.

Kitanda cha jirani alikuwepo sajini mmoja wa kambini, mtu wa mkoa wa Equateur, amepasuliwa ngiri. Yake ilitoka mapema. Wakuu, madirisha yalitetemeka na njiwa walihama kwenye paa. Wodi ikapiga makofi, mkewe akapiga vigelegele, chai ikaletwa palepale. Akainywa polepole akinitazama, mshenzi yule.

"Mukubwa, na weye? Tunakungojea!"

Ningewezaje, wakuu? Maana miguuni pa kitanda changu, juu ya mkeka, alikaa Mama Ngoie.

Mama yangu mzazi alikuwa Sanga, kule Ziwa Kisale, na ujumbe ulikuwa umetumwa kwa treni. Hospitali zetu bila ndugu wa kukuhudumia huishi: ndugu ndiye anayepika, anayeosha, anayekimbilia dawa. Mujinga alipika nyumbani na kuleta, ila kukaa na mwanamume ambaye hajamuoa, hapana. Ndipo Mama Ngoie alipotoa tamko: "Watu banasema ni samaki yangu. Sitoki hapa mpaka atembee na miguu yake mbele ya macho yabo."

Alikaa amenipa mgongo, kitenge juu ya kichwa. Na kwa kuwa hatuwezi kuongea moja kwa moja, aliongea na ukuta.

"Weye kibambazi, uliza mukwe kama maumivu imepunguka."

Nami namjibu ukuta: "Kibambazi, mwambie mama wafwako, imepunguka."

Wafwako ni asante ya Kiluba. Kibambazi ni ukuta. Ukuta ule ulijua siri zetu kuliko padri.

Sasa niambieni. Upepo ulikuja. Ulikuja asubuhi, ulikuja mchana. Kila ulipofika mlangoni nilimwona yule mama na mgongo wake, nikakaza kila msuli niliojifunza shule ya jioni, na mingine ambayo mwalimu hakuichora. Ukarudi ndani. Tumbo likaanza kuvimba. Kiu ikawa kiu ya jangwani. Ulimi umekuwa kama soli ya kiatu. Niliangalia kikombe cha sajini kama mtu anavyomwangalia mchumba wa zamani.

Muuguzi: "Citoyen, gaz?"

Mimi: "Bado."

Hapa naomba niache utani kidogo.

Kitanda cha karibu na mlango aliletwa mwalimu mmoja wa upande wa ziwa. Mtumbwi, kisha treni, kisha baiskeli. Apandisite kama yangu. Kule kwao walimtia lavema, na aliyemtia ni mama yake mzazi, kwa mapenzi yote ya mama. Hakukuwa na mkwe wa kuzuia. Ilikuwa imeshapasuka. Daktari alimpasua hivyohivyo, akajaribu, miwani imejaa jasho. Kesho yake mkeka ulikuwa umekunjwa na mama yule ameondoka akiutazama mkono wake.

Sijamsahau. Ninapocheka kuhusu kimpira kile, humkumbuka, kicheko kikaisha.

Daktari alipotoka kwa mwalimu akaja kwangu. Akagonga tumbo langu kwa kidole, likalia kama ngoma.

"Silipendi hili," akasema taratibu. "Kama matumbo hayajaamka mpaka kesho asubuhi, nafungua tena. Na dawa ya kulaza iliyobaki ni kidogo."

Mgongo wa Mama Ngoie ukashtuka. Aliufunika uso wote kwa kitenge. Nikasikia akimwambia ukuta kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, ndogo kabisa: "Kibambazi, asikufe. Mutoto wangu atanilaumu maisha yote."

Ndipo sajini aliponikazia macho. Alikuwa ameniona muda mrefu, vidole vya miguu vimekunjwa, jasho linatiririka, jicho kwenye ule mgongo.

Akapasuka kwa kicheko huku ameshika ngiri yake.

"Docteur! Docteur, kuya! Tumbo ya huyu haijalala. Iko na adabu!"

"Nini?"

"Anamuogopa mama mukwe! Kila ikikuya anaifunga! Minyi nimemuangalia tangu asubuyi!"

Wodi nzima ikanigeukia. Nilitamani ile treni ya samaki ipite inichukue.

Mama Ngoie akakaza kitenge chake. Akasimama. Akakunja mkeka wake. Akatoka nje bila kuangalia nyuma.

Mujinga alikuwa ndiyo anaingia na chakula cha wenzetu wa wodini. Akamwona mama yake akipita na mkeka.

"Umemufanya mama yangu nini?"

Nililala naangalia dari, nikijua ndoa imekwisha kwa sababu ya kitu ambacho hata hakijatoka.

Kisha tukasikia, upande wa pili wa ule ukuta, chini ya dirisha langu:

Kwa! Kwa! Kwa! Kwa!

Mfuniko wa sufuria na mwiko wa chuma. Anaupiga kama anafukuza ngedere shambani.

"Bantu ba Kamina, musikie!" Ile sauti ya kusimamisha treni ilikuwa imerudi. "Minyi Ngoie wa Mulongo, leo niko kiziwi! Masikio yangu imepanda treni, imeenda Bukama! Kibambazi, ambia mukwe: huku inje hakuna mama mukwe! Kuko fundi wa sufuria tu!"

Kwa! Kwa! Kwa!

Mujinga akaketi chini kwa kucheka. Daktari akavua miwani. Nami nikaanza kucheka, na kucheka na nyuzi za mamba tumboni ni adhabu, wakuu, nalia huku nacheka, na katikati ya kile kicheko, bila mimi kuamua lolote…

Sitaeleza. Sajini tu ndiye aliyejiweka sawa kitandani, akapiga saluti kama yuko kwenye gwaride: "Garde à vous!"

Makofi! Wodi ya wanaume, wodi ya wanawake ng'ambo ya ukumbi, mpaka jikoni wanapiga makofi.

Kule nje mfuniko ukapunguza mwendo. "Kibambazi, niache?"

Sajini akajibu kabla yangu: "Mama, endelea kidogo! Iko batalyoni inafuata nyuma!"

Akaendelea. Mungu amlaze pema, aliendelea mpaka mfuniko ukabonyea katikati.

Nililetewa maji kwa kijiko. Nimekunywa soda, nimekunywa mvinyo wa harusi za wakubwa, lakini kijiko kile cha maji ya kuchemshwa, chenye harufu ya moshi wa makaa, hakijawahi kupata mpinzani. Kesho yake mchuzi wa samaki. Wa Mulongo, bila shaka. Na nilipotoka nilipitishwa kwa miguu mtaani kwao taratibu, Mama Ngoie nyuma kwa mbali na kitenge chake, ili kila mtu aone samaki wake hawaui.

Tulioana. Sajini alikuja harusini, akacheza kuliko bwana harusi. Mama Ngoie hakulitaja jambo lile hata mara moja mpaka anafariki, na mimi sikumwangalia usoni hata mara moja. Wengi mtaona ni ukali. Mimi nasema sijawahi kupendwa hivyo na mtu niliyemwona kidogo vile.

Katika vitu vyake Mujinga aliomba kimoja tu, ule mfuniko uliobonyea. Tumehama nao. Umevuka Tanganyika nasi. Unafunika wali hapa Kigoma, haukai sawa, mvuke unatokea pembeni.

Na binti yetu wa kwanza tulimpa jina la bibi yake, Ngoie. Kwa hiyo mimi humwita Mama Mkwe tangu akiwa kwenye nepi.

Huyo ndiye aliyepasuliwa juzi.

Wakuu, Ulaya ni kitu kingine. Tumbo lilimuuma asubuhi, wakampitisha kwenye mashine inayoona ndani kama dirisha. Hakuna aliyembonyeza mpaka kelele ifike stesheni. Vitundu vidogo, kamera, nyuzi zinayeyuka zenyewe. Alikunywa maji jioni ileile. Anasema wengine kule hawapasuliwi kabisa, wanapewa dawa tu na kuangaliwa. Alilala usiku mmoja, wakamrudisha kwake na vidonge.

Nilishukuru Mungu. Yule mwalimu wa ziwani angekuwa hai leo, babu mwenye wajukuu. Sitaki mtu aje kwenye comments aniambie nasifia umaskini. Umaskini uliua watu kwa pilipili na mapenzi.

Lakini jana alipopiga video call alikuwa analia.

Yuko peke yake kwenye chumba chake. Kule wanakujaza hewa tumboni ili waone vizuri, basi bado tumbo limejaa, bega linauma, wamemwambia atembee na hewa itoke. Jirani hamjui jina. Wodini hakuna aliyekaa miguuni pake. Chakula kilikuja kwenye trei, mtu akasema bonjour, akaondoka.

"Ngoie," nikamuuliza, "hewa imetoka?"

"Papaaa! Unaniuliza nini? Weye ni papa yangu!"

Akageuza uso pembeni, aibu tupu. Hapo nikaona mgongo ule, kitenge kile.

Nikanyanyuka. Mujinga alishaelewa, alikuwa ameshaufunua wali, ananipa mfuniko na mwiko.

Kwa! Kwa! Kwa! Kwa!

"Watu wa Kigoma, sikieni! Leo mimi ni kiziwi! Kibambazi cha Ubelgiji, mwambie Mama Mkwe wangu: huku hakuna baba, kuna fundi wa sufuria tu!"

Majirani wakatoka. Mbwa wakabweka. Mujinga ameshika ukuta kwa kucheka. Kwenye simu sikumwona tena binti, picha imeelekea dari, ila nilimsikia, anacheka huku anasema aa, aa, tumbo langu, Papa acha.

Halafu sauti ndogo, haikuwa inaongea na mimi:

"Kibambazi… ambia Papa wafwako. Aendelee kidogo."

Nikaendelea.

Nilichojifunza, wakuu, ni hiki. Maumivu ya tumbo yakihamia kulia kwako, kulia kwako wewe si kwa mtu wa ubaoni, achana na kimpira, achana na pilipili, kimbia hospitali. Na kama una mtu amelazwa popote, awe Kamina awe kwa wazungu, usimwachie mashine peke yake.

Wale wa "weka picha ya kovu", mke wangu amekataa.

Haya, zamu yenu. Siku ile umelala na huwezi kusema kinachokusumbua, nani alikupigia sufuria?